"Baraza Lilipokea": Kisa cha Shilingi Milioni 25 Zilizohama Bila Azimio

Halmashauri ya kisa hiki ni ya mfano. Iko nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwenye ukanda wa viazi mviringo, chai na parachichi, na anayeijua Rungwe, Mufindi au Kilolo ataitambua sura yake. Kiasi cha fedha na idadi za kisa chenyewe ni za kufundishia. Vikao, vyeo, mtiririko wa ajenda na viwango vya ujenzi ni vile vinavyotumika kwenye halmashauri zetu. Hakuna mwizi humu. Kilichopo ni kitenzi kimoja kilichoandikwa mahali palipohitaji kingine, na miezi minne ya usumbufu iliyofuata.

Halmashauri ina kata 24. Madiwani wa kuchaguliwa ni 24, wa viti maalumu 8, na mbunge 1, jumla wajumbe 33. Mkurugenzi Mtendaji ndiye katibu wa Baraza. Anaandaa ajenda, anatunza kumbukumbu, anajibu hoja, lakini hapigi kura. Wakuu wa idara na vitengo hukaa pembeni na mafaili yao. Mkuu wa Wilaya huja kutoa salamu za serikali, na nyuma hukaa watu wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), RUWASA (wakala wa maji vijijini), TANESCO (shirika la umeme), viongozi wa vyama na wananchi waliofika kusikiliza.

Fedha zilivyohama

Kwenye bajeti ya mwaka, halmashauri ilitenga Sh 25,000,000 za mapato ya ndani kumalizia maboma mawili ya madarasa, yaani majengo ambayo hayajakamilika, katika shule ya msingi moja. Hesabu ilikuwa milioni 12.5 kwa kila boma, kiwango kilichozoeleka kwa kazi hiyo. Kabla fedha hazijatoka, serikali kuu ikaleta fedha nyingine kwa maboma yale yale. Kufika Desemba madarasa yamepakwa rangi na watoto wameingia, na milioni 25 bado zimekaa kwenye kifungu chake hazina kazi.

Wakati huohuo, kata nyingine iliyo juu mlimani ilikuwa na boma la zahanati. Wananchi walifyatua na kuchoma tofali, wakapandisha ukuta hadi lenta, nguvu ikaishia hapo. Mvua za nyanda za juu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na upande wa Rungwe hupitiliza hadi Mei. Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa udongo, usiwe na paa, haumalizi masika mawili bila kuanza kumomonyoka kwenye viungo. Anayesubiri kiangazi ili ajenge kwa raha anakutana na tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha. Menejimenti ikaona ni busara kuzihamishia milioni 25 kule mlimani zipate walau kupaua. Wazo lilikuwa zuri, na hata aliyekuja kulipinga baadaye hakusema ni baya.

Likapita menejimenti, likaenda Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Kamati hii hukutana kila mwezi, wakati Baraza lenyewe hukutana kila robo mwaka, na tofauti hiyo ndiyo huzaa haraka nyingi. Kamati ikaandika hivi: "Kamati iliridhia na kuelekeza suala liwasilishwe Baraza la Madiwani kwa uamuzi." Mpaka hapo kila kitu kiko sawa.

Siku mbili za Baraza

Baraza la robo ya pili, yaani la kazi za Oktoba hadi Desemba, lilikaa mwishoni mwa Januari kwa siku mbili, kama kawaida ya halmashauri nyingi. Siku ya kwanza ni ya taarifa za kata. Diwani husimama na kusoma hali ya elimu, afya, kilimo, miradi na changamoto za kata yake. Ukimpa kila mmoja dakika kumi, kata 24 zinakula saa nne bila swali hata moja, na hapajawahi kuwa na siku isiyo na maswali. Sehemu kubwa ya maswali ni barabara na maji. Tangu TARURA ilipoanza mwaka 2017 na RUWASA mwaka 2019, majibu ya mambo hayo hayako tena kwa Mkurugenzi. Madiwani wanalijua hilo na bado huuliza, kwa sababu mwananchi wa kata hamuulizi meneja wa wakala, anamuuliza diwani.

Siku ya pili ni ya kamati za kudumu. Majoho, dua ya kuliombea Baraza, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, kisha taarifa za kamati moja baada ya nyingine. Ya Fedha ilianza baada ya chai. Suala la zahanati lilikuwa ukurasa wa 47 wa kabrasha, aya ya sita, katikati ya aya ya mashine za POS, zile za kukusanyia mapato, ambazo fedha zake hazifiki benki kwa wakati, na aya ya mikopo ya asilimia 10, ile inayotengwa kwenye mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha namna hii anajua kilichofuata. Mikopo ina mgawanyo wake, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kila diwani ana kikundi kilichokosa na kingine kisichorejesha. Mjadala ulikaa hapo karibu saa nzima. Aya ya sita haikuguswa na mtu. Mwenyekiti alipotazama saa akauliza: "Waheshimiwa, taarifa ya Kamati ya Fedha imepokelewa?" Ukumbi ukaitikia: "Imepokelewa!" Mratibu wa vikao akaandika alichosikia: "Wajumbe walipokea taarifa ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kwa kipindi cha Oktoba hadi Desemba."

Wiki mbili baadaye bati, mbao na misumari vilinunuliwa, na fundi akaanza kulipwa kwa utaratibu ambao kila mtu wilayani huuita fosi akaunti: kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zote za wananchi wa eneo la mradi. Hati za malipo ziliambatishwa dondoo ya muhtasari wa Kamati ya Fedha. Hadi mwisho wa Machi zilikuwa zimetoka Sh 14,600,000, zikabaki 10,400,000. Paa lilikuwa juu. Milango, madirisha na sakafu bado.

Kupokea, kuridhia, kuidhinisha

Taarifa ya mkaguzi wa ndani ya robo ya tatu ilikuwa na mistari michache tu juu ya jambo hili: fedha za mapato ya ndani zimehamishwa kutoka mradi mmoja kwenda mwingine bila idhini ya Baraza kuonekana kwenye kumbukumbu. Mkurugenzi aliposoma alishangaa kweli. Kwa ufahamu wake Baraza lilikwishapitisha. Wajumbe kadhaa nao walikumbuka hivyo.

Kumbukumbu ya mtu si azimio. Kwenye Kiswahili cha vikao vitenzi hivi vina ngazi, na anayevichanganya hulipa baadaye. Kupokea maana yake karatasi imefika mezani na Baraza limejua kilichomo. Hakumfungi mtu wala hakumpi mtu ruhusa. Ndiyo maana Baraza linaweza kupokea taarifa ya hasara, ya mlipuko wa kipindupindu au ya ukusanyaji mbovu bila kuwa limekubaliana na lolote kati ya hayo. Kupokea na kujadili kunaongeza kwamba watu wamesema. Kuridhia kuna sura mbili, na hapa ndipo wengi huteleza: kamati ikiridhia jambo lililo nje ya mamlaka iliyokasimiwa, imelipendekeza, Baraza likiridhia, limeamua. Kuidhinisha hakuna utata, ni ruhusa yenye kiasi, mahali na jina la mradi. Kuelekeza na kuagiza ni amri kwa watendaji, na amri isiyo na mhusika na muda kwenye safu za mwisho za jedwali la muhtasari ni maneno tu.

Hivyo dondoo iliyoambatishwa kwenye malipo ilithibitisha kinyume cha kilichokusudiwa. Ilisema wazi kwamba suala "liwasilishwe Baraza la Madiwani kwa uamuzi". Mkaguzi hakuhitaji ushahidi mwingine: Kamati yenyewe ilikiri kwamba uamuzi si wake.

Kosa lilianza kabla ya ukumbi, kwenye uandishi wa kabrasha. Aya ya sita ilieleza hali ya boma, ikataja milioni 25, ikasema Kamati imeridhia, basi. Taarifa nzima ikafungwa kwa maneno tuliyoyazoea: "Naomba kuwasilisha." Maneno hayo ni ya adabu, lakini hayaliombi Baraza chochote zaidi ya kusikiliza. Mwenyekiti aliyeuliza kama taarifa imepokelewa alijibu sawasawa kile alichoombwa. Si haki kumlaumu, wala mratibu wa vikao aliyeandika alichosikia.

Jaribio la kalamu

Kabla ya Baraza la robo ya tatu, mtu mmoja ofisini akaja na dawa nyepesi. Muhtasari wa Januari ulikuwa bado haujathibitishwa, kwa kuwa uthibitisho hufanyika mkutano unaofuata. Kwa nini usiongezwe neno moja, "walipokea na kuidhinisha"? Rasimu ikarekebishwa, ikachapwa, ikaingizwa kwenye makabrasha.

Ilipofika ajenda ya kuthibitisha muhtasari, diwani wa kata yenye shule alisimama. Alikuwa na rasimu ya kwanza kwenye kishikwambi chake, aliyotumiwa mwezi Februari. Akaisoma, kisha akaisoma ya pili, akakaa. Ukumbi ulikaa kimya kwa muda ulioonekana mrefu kuliko dakika zilizopita kweli.

Kuthibitisha muhtasari ni kujibu swali moja: je, hivi ndivyo ilivyokuwa? Hakuulizi kama uamuzi ulikuwa mzuri, wala hakutoi nafasi ya kuuboresha. Jina la mjumbe likiandikwa vibaya, tarakimu ikikosewa, aliyehudhuria akiwekwa kwenye wasiohudhuria, hayo hurekebishwa papo hapo, Mwenyekiti huweka saini ndogo kwenye sahihisho, kazi inaendelea. Kuingiza azimio ambalo halikutolewa ni kughushi kumbukumbu, hata kama kila aliyekuwepo angelikubali siku ile lingeulizwa. Na halmashauri nyingi siku hizi hurekodi sauti za vikao. Kwa hiyo hoja ya ukaguzi iliyokuwa ya utaratibu ilikaribia kugeuka jambo la nidhamu, kwa ajili ya neno moja.

Mwanasheria wa halmashauri alishauri neno litolewe. Muhtasari ukathibitishwa kama ulivyoandikwa mwanzo: walipokea.

Njia ndefu ambayo ndiyo njia

Baadhi ya wajumbe walitaka jambo limalizwe kwenye yatokanayo. Mwenyekiti akakataa, na alikuwa sahihi. Yatokanayo ni mahali pa kueleza utekelezaji wa maazimio yaliyopita. Hapa hapakuwa na azimio, hivyo hapakuwa na kitu cha kutokana nalo. Suala jipya la fedha lina njia yake, nayo huanzia menejimenti na Kamati ya Fedha kabla ya kufika Baraza. Kulipitisha kwa mlango wa yatokanayo kungezaa hoja ya pili juu ya ya kwanza.

Mkurugenzi alichukua hatua nne. Kwanza alisimamisha malipo yote ya Sh 10,400,000 zilizobaki, jambo lililomuudhi fundi, aliyekuwa amekwisha kuagiza fremu za milango. Pili aliliarifu Baraza kwa maandishi, siku ileile, kwamba Sh 14,600,000 zimetumika kabla ya idhini, bila kujificha nyuma ya maneno "kutokana na changamoto mbalimbali". Tatu aliagiza andiko jipya, linalojitegemea, lipitie Kamati ya Fedha ya mwezi huo. Nne aliomba Baraza likutane kwa mkutano maalumu mwezi Mei, badala ya kusubiri Agosti wakati mwaka wa fedha umekwisha.

Andiko jipya lilikuwa kurasa moja na nusu, na linafaa kuwa kielelezo. Kichwa kilitaja ombi lenyewe: "Maombi ya kuidhinisha uhamisho wa Sh 25,000,000 za mapato ya ndani kutoka umaliziaji wa madarasa mawili kwenda boma la zahanati." Chini yake hali ilivyo, sababu, jedwali la mistari miwili lenye kifungu kinachotoa na kinachopokea, kiasi kilichokwisha kutumika na kilichobaki, kata zinazoguswa kwa majina, maoni ya Kamati, na athari kama ombi litakataliwa. Mwisho hapakuwa na "naomba kuwasilisha" peke yake. Palikuwa na "Baraza linaombwa", kikifuatiwa na (a), (b) na (c), kila kipengele kikianza na kitenzi.

Hapo ndipo mjadala ulioruka Januari ukafanyika, na ukaonyesha kilichokosekana. Diwani wa kata yenye shule hakuwa na ugomvi na zahanati. Alisema shule ina wasichana 320 na wavulana 300. Kwa kiwango cha serikali cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, inahitaji matundu 16 na 12, jumla 28, nayo inayo 14. Fedha zilipobaki, shule ileile ilikuwa na mahali pa kuzitumia, na hakuna aliyemuuliza. Yeye mwenyewe alipata habari kwa mtendaji wa kata, aliyezisikia kwa dereva. Haya yote yangeweza kusemwa Januari kwa dakika tano, wakati milioni 25 bado ni nzima na mgawanyo wowote unawezekana. Mwezi Mei walibaki wakibishania milioni 10.4.

Afisa mipango naye akatoa jambo ambalo halikuwa kwenye andiko. Serikali kuu inapotoa fedha za kumalizia boma la zahanati hutoa milioni 50. Milioni 25 hazikuwahi kutosha. Kwa kuwa kila mtu aliamini mradi umepata fedha, bajeti ya mwaka unaofuata, iliyopitishwa kabla ya Machi kuisha, haikuutengea hata senti. Jengo lenye paa lisilo na mlango lilikuwa tayari kuingia kwenye orodha ya viporo.

Hoja ilitolewa kwamba salio lirudi shuleni kwa vyoo, ikaungwa mkono. Mwenyekiti akahoji: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Sauti zikakaribiana, akaomba mikono: 12 ndiyo, 17 siyo, wawili hawakupiga, wawili hawakuhudhuria. Hoja ikaanguka. Ombi la awali likahojiwa peke yake, likapita.

Anayeandika mihtasari atafaidika na maneno yaliyotumika, kwa hiyo tunayaweka kama yalivyo:

"Baada ya majadiliano, Baraza liliazimia:
(a) Kuidhinisha matumizi ya Sh 14,600,000 yaliyofanyika kabla ya idhini ya Baraza, baada ya kupokea maelezo ya maandishi ya Mkurugenzi.
(b) Kuidhinisha uhamisho wa salio la Sh 10,400,000 kwenda boma la zahanati kwa kazi za milango, madirisha na sakafu. Mhusika: Mkurugenzi. Muda: kabla ya tarehe 30 Juni.
(c) Kuelekeza mapendekezo ya chanzo cha fedha za matundu 14 ya vyoo na za kukamilisha zahanati yawasilishwe kupitia Kamati ya Fedha. Mhusika: Afisa Mipango. Muda: Baraza la robo ya nne."

Kura zikaandikwa kwa tarakimu, pamoja na jina la mtoa hoja iliyoanguka. Halmashauri nyingi huacha hoja zilizoanguka nje ya muhtasari kwa kuona ni aibu kwa aliyeitoa. Tunadhani ni kinyume: hoja iliyoanguka ndiyo inayoonyesha kwamba Baraza lilichagua kati ya mambo mawili.

Dondoo ya maazimio ilisainiwa na Mwenyekiti na katibu ndani ya wiki, kwa sababu ngazi za juu, Sekretarieti ya Mkoa na TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), huitaka hiyo na haziwezi kusubiri uthibitisho wa miezi mitatu. Fundi akarudi kazini. Kuhusu hoja ya ukaguzi, kipengele (a) hakikuifuta. Idhini inayokuja baada ya matumizi ni jibu, na mkaguzi anaweza kulipokea jibu na bado akaandika kwamba utaratibu ulikiukwa. Jalada lake liliwekwa rasimu zote mbili za muhtasari wa Januari, ile ya kweli na ile iliyotiwa maneno, pamoja na maelezo ya nani aliagiza nini. Ushauri wa kuiweka na ya pili ulitoka kwa mkaguzi wa ndani: diwani alikuwa nayo kwenye kishikwambi, na wakaguzi wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) wangeiona tu.

Kabrasha la robo ya nne lilipotoka mwezi Agosti, taarifa ya Kamati ya Fedha ilikuwa na kurasa mbili za rangi ya njano mbele ya nyingine zote. Kichwa chake: "Mambo yanayohitaji uamuzi wa Baraza." Yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa vyoo.